Nilimpeleka bibi "to upstairs"

Mwaka wangu wa kwanza huku Leeds nilikuwa nafanya kazi nyumba ya wazee, na kila shifti ikiisha lazima uandike ripoti, nani kala nini, nani kalala saa ngapi. Siku moja nikaandika "I took her to upstairs", nikaona nimemaliza kabisa, kesho yake nakuta hiyo to imekatwa na peni nyekundu, bila maelezo. Nikajua mtu kakosea kukata. Wiki haijaisha nikaandika "she went to outside", ikakatwa tena.

Shida ni shuleni jamani. Tulikaririshwa go to school, go to market, go to church, basi mimi kichwani ukienda popote unabeba na to yako. Go to home, come to here, na ile tunayoipenda wabongo wote, "I want to go to abroad".

Siku naosha vyombo ndo ikanijia. Kwa Kiswahili nasema naenda nyumbani, siweki kitu katikati, ile -ni ishafanya kazi. Ghorofani hivyo hivyo, na ughaibuni pia! Home, upstairs na abroad zimeshabeba "kwenye" yake humo ndani, kama here na there. Ila usiiamini sana hiyo -ni, maana sokoni na shuleni to inarudi, na ukishasema nyumba ya nani nayo inarudi: go home, lakini go to my mother's home.

Halafu from haiondoki. Sisi naenda nyumbani, natoka nyumbani, neno ni lile lile, kitenzi ndo kinajua unaelekea wapi. Wao "go home" ila "I'm coming from home", from here, from abroad. Hiyo ilinichukua muda, maana nikishaambiwa toa nilikuwa natoa zote, nikawa nasema "I come abroad" watu wananitumbulia macho.

Sasa juzi mwanangu wa miaka sita, kazaliwa huku huku, ananiambia "mama, baba ameenda kwa nje". Nikamwambia hakuna kwa hapo, sema ameenda nje. Akaniuliza, "Mbona kwa bibi kuna kwa?"