Nilivyoianza mada ya mmomonyoko kwa korongo la kijijini

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiianza mada ya mmomonyoko wa udongo kwa kuandika fasili ubaoni na kuwauliza wanafunzi wanafahamu nini kuihusu. Kila mara darasa lilikaa kimya, nami nikaamini kwamba hawajui lolote. Nafundisha Jiografia katika shule ya kata pembezoni mwa Dodoma, ambako karibu mvua yote ya mwaka hunyesha kati ya Desemba na Aprili juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi mingi, na watoto hawa huvuka korongo kila asubuhi wakija shuleni. Chuoni tulimsoma David Ausubel, mwanasaikolojia wa Marekani aliyesisitiza kwamba mwalimu aanzie kwa kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Nililikariri hilo kwa ajili ya mtihani. Swali langu la ubaoni liliwadai fasili, tena kwa Kiingereza, ilhali korongo wanalijua kwa Kiswahili na Kigogo.

Muhula uliopita niligawa nusu karatasi kwa kila mmoja, nikawaomba wachore njia ya maji ya mvua kutoka uani kwao hadi yanakoishia, na kuandika majina yanayotumika nyumbani. Msichana mmoja, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akijibu swali, alichora zizi, njia ya ng'ombe na korongo, kisha akaandika chini yake: "Ng'ombe ndio waliolichimba." Wenzake wakapinga kwamba ni maji. Nilijizuia kusahihisha, jambo ambalo kwangu ni gumu mno, nikaziacha kauli zote mbili ubaoni.

Kipindi cha tatu tulisoma habari za Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza kazi miaka ya 1970, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Darasa zima lilimgeukia yule msichana. Wakaeleza wenyewe, wakipokezana, kwamba kwato husaga udongo na kumaliza nyasi, kisha maji huifuata njia hiyo hiyo na kuichimba. Istilahi za Kiingereza niliziandika baadaye, kila moja kando ya jina lililokuwa kwenye michoro yao.

Yeye aliuliza kama nyasi zingerudi iwapo njia ya ng'ombe wao ingehamishwa kabla ya Desemba. Kipindi kilichofuata tulikianzia hapo.