Siku Moja Katika Mavuno ya Zabibu za Mvinyo

Saa tisa usiku tayari niko shambani, kwa kuwa zabibu iliyochumwa ikiwa ya baridi hufika kwenye kinu cha kukamulia kabla haijaanza kuchacha yenyewe. Nilipoingia katika kazi hii tulisubiri jua lichomoze ndipo tushike mikasi.

Saa kumi na mbili asubuhi napita kati ya safu nikidondoa punje kutoka vichala vya juani na vya kivulini, kisha naminya tone la maji yake kwenye kipimo cha sukari. Kinasoma Brix 25 (kizio cha sukari iliyomo katika maji ya zabibu), yaani mvinyo wenye kilevi cha takriban asilimia 14 hadi 15, na kwa kipimo hicho pekee ingetupasa kuchuma leo. Hata hivyo, nikitafuna punje ileile, mbegu yake bado ni ya kijani na inaniachia ukakasi ulimini. Joto huharakisha sukari, ilhali mbegu na ganda havikomai kwa kasi hiyo, na usiku usiopoa huendelea kuila asidi ya maliki ambayo ndiyo huupa mvinyo uchachu wake. Tukichuma mapema tunapata ukakasi. Tukingoja tunapata kilevi kikali kilichopwaya.

Kufikia saa nne naona safu za upande wa magharibi zimebabuka. Kosa ni langu: nilipunguza majani kupita kiasi, kama nilivyofundishwa enzi ambazo mwanga ndio uliokuwa adimu.

Adhuhuri, joto likishapita nyuzi 35, mzabibu hufunga vitundu vya majani yake, nasi pia tunajificha kivulini. Mwenzangu anadai kwamba miaka ya joto imekuwapo siku zote. Ni kweli, lakini kumbukumbu za mavuno za Beaune, Ufaransa, zinazoanzia mwaka 1354, zinaonyesha kwamba tangu 1988 uchumaji huanza wastani wa siku 13 mapema kuliko karne zilizotangulia. Bordeaux nako, hukohuko Ufaransa, ambako mila za mvinyo hazibadilishwi kirahisi, aina sita mpya za zabibu ziliidhinishwa mwaka 2021 ili kukabiliana na joto, ikiwamo Touriga Nacional ya Ureno.

Alasiri naongeza asidi ya tartari kwenye tangi la jana ili kurudisha uchachu ulioliwa na joto, kazi nisiyoipenda.

Saa mbili usiku utabiri unatangaza nyuzi 39 kwa kesho. Mbegu hazijakomaa, lakini nawaarifu wachumaji kwamba tutaanza saa nane usiku.