Tulivyohakikisha kwa kalkuleta kwamba 2147483647 ni namba tasa

Nafundisha hisabati sekondari, wilayani Kongwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliniuliza watu wa zamani walijuaje kwamba 2147483647 ni namba tasa, na kompyuta hazikuwepo. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Leonhard Euler aliithibitisha mwaka 1772. Nikaona maneno matupu hayatoshi, tuifanye wenyewe kwenye klabu ya hisabati.

Kwa njia ya kawaida unagawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo cha pili, ambacho hapa hakifiki 46341. Namba tasa chini ya hapo zinakaribia 4,800. Uzuri wa kazi ya Euler ni kwamba nyingi unazikataa kabla hujagusa kalkuleta. Kwa kanuni ndogo ya Fermat, namba tasa yoyote inayoigawa hii, ukiitoa 1, lazima igawanyike kwa 62. Tena, ikigawanywa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Masharti hayo mawili kwa pamoja yanaacha zile tu ambazo kwa 248 hubakiza 1 au 63.

Kwanza niliwapa 8191, yaani 2 kwa kipeo cha 13 ukitoa 1. Kipeuo chake hakifiki 91, na hapa ukitoa 1 lazima igawanyike kwa 26. Zinapatikana 27, 53 na 79. Hiyo 27 si tasa. 53 kwa 8 inabakiza 5, nayo inatoka. Tukagawa kwa 79, ikabaki 54.

"Mwalimu, ndiyo imeisha?"

"Imeisha, mwanangu."

Walivyotazamana sitasahau.

Kwa ile kubwa, kalkuleta za dukani za tarakimu nane hazikufaa, tukaazima za tarakimu kumi. Waliandika orodha kwenye daftari la kaunta, wakafuta zinazogawanyika kwa 3, 5 na 7, wakagawana kurasa. Kila hesabu ilifanywa na wawili wasiochunguliana. Ya kwanza ni 311, ikabaki 35. Baada yake hakuna tasa nyingine kwenye orodha hadi 1303, nayo ikabakiza 226. Huko juu zinasongamana, na ndiko kazi ilikokuwa. Hakuna hata moja iliyogawanya bila baki.

Sasa wanataka kipeo cha 61, ambacho Ivan Pervushin alikithibitisha mwaka 1883. Kipeuo cha pili cha namba hiyo kinapita bilioni 1.5, kwa hiyo kugawa hakufai. Nimewaanzishia kipimo cha Lucas na Lehmer kwa 8191: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, chukua baki, rudia. Inakuja 14, 194, 4870, inaendelea hadi 128. Mara 128 kwa 128 ukitoa 2 ni 16382, ambayo ni 8191 mara mbili kamili: baki sifuri, kwa hiyo ni tasa.