Kutafuta Boti Ziwa Tanganyika: Kutoka Kigoma hadi Mpulungu

Treni ya daraja la tatu kutoka Tabora ilinishusha Kigoma asubuhi, nikiwa na begi moja la mgongoni, pasi ya kusafiria na shilingi 200,000 ambazo nilitaka zinifikishe Mpulungu, bandari ya Zambia iliyo kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na inaishia karibu kabisa na maji, kwa hiyo msafiri anayeshuka pale akiwa bado na safari hulitazama ziwa kwanza. Kwa miaka mingi, alichokuwa akikitafuta kwa macho ni meli ya Liemba.

Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, kisha ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe na adui, lakini kabla ya kufanya hivyo mafundi walizipaka mashine zake grisi nene, na ndiyo sababu Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walizikuta bado zinafaa. Tangu mwaka 1927 imebeba abiria kwa jina la Liemba. Mimi niliikuta imefungwa kamba, haisafiri, ikisubiri matengenezo.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia muuza kahawa aliyekuwa amekaa nje ya kituo.

"Marahaba, mwanangu. Ukitafuta Liemba umechelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa barabara yetu."

Neno lake nililielewa siku chache baadaye. Siku hiyo nilikuwa na haraka, na haraka ilinitia hasara: mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala wa boti za mizigo alinipokea shilingi 20,000 za kushikia nafasi, akaniambia nirudi jioni, nami sikumwona tena. Niliumia sana, kwa sababu fedha ile ilikuwa malazi yangu ya siku mbili. Tangu hapo niliamua kwamba sitatoa senti kabla sijaiona boti yenyewe, mzigo wake na nahodha wake.

Nilikwenda Ujiji kwa daladala. Ufukweni mafundi walikuwa wakigonga pamba iliyolowekwa mafuta kwenye nyufa za mbao, na pembeni yao wapagazi walikuwa wanapakia. Hao wapagazi ndio walionifundisha jinsi ya kutafuta boti. Mpagazi anajua boti ipi imepungukiwa magunia mangapi, na boti ya mizigo haiondoki kwa sababu saa imefika, huondoka mzigo ukitosha. Ukiuliza, "Boti inaondoka lini?" kila mtu atakujibu kesho. Ukiuliza, "Bado magunia mangapi?" utapata jibu la kweli.

Boti ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa tayari kuondoka jioni hiyohiyo. Nilisimama majini hadi magotini na kuupima ubavu wake kwa mkono: kutoka usawa wa maji hadi ukingo ilibaki shibiri moja tu, na abiria walikuwa bado hawajapanda. Mimi ni mtu wa Mwanza. Nyumbani kwetu tarehe 21 Mei 1996 haihitaji maelezo, kwani hakuna mtaa usiomjua mtu aliyekwenda na meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria. Nilimshukuru nahodha kwa heshima, nikamwambia nitasubiri nyingine. Alinikasirikia, lakini sikujuta hata kidogo, na namwomba kila anayesafiri kwa boti za mbao apime kabla ya kulipa.

Nilisubiri siku mbili zaidi, nikilala nyumba ya wageni ya bei nafuu na kula ugali kwa dagaa. Siku ya tatu mpagazi mmoja kijana alikuja mbio kuniita: boti ya chumvi ya Uvinza na sabuni inayokwenda Ikola, kijiji cha ufukweni kusini zaidi, ilibakiza magunia kumi. Ubavu wake ulikuwa juu ya maji zaidi ya shibiri tatu, maboya ya kujiokolea yalikuwepo, na nahodha aliandika majina ya abiria wote kwenye daftari. Nililipa shilingi 25,000 nikapanda kwa ubao mwembamba uliokuwa ukinepa chini ya miguu.

Tuliondoka saa kumi na moja jioni. Giza lilipoingia, taa za wavuvi wa dagaa zilijitokeza mbele yetu moja baada ya nyingine hadi ziwa lote likaonekana kama mji, na nahodha akawa anapita kati yake polepole ili asikate nyavu za watu. Usiku wa manane upepo wa kusini ulianza kutupiga usoni. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa akifua maji kwa dumu la mafuta lililokatwa nusu, na sauti ya lile dumu likikwangua mbao sikuacha kuisikiliza hadi kulipokucha na milima ya Mahale ikatokea upande wa kushoto.

Mchana tulisimama mbele ya kijiji kisicho na gati. Mama mmoja aliletwa majini amebebwa mabegani na kijana, na yeye mwenyewe amempakata mtoto aliyekuwa akihema kwa shida, mdomo wazi, macho yamefumba. Alisema alikuwa amekaa ufukweni tangu juzi akisubiri boti yoyote. Mabaharia walimtandikia turubai juu ya magunia ya chumvi, abiria wakasogea bila kuambiwa, na nahodha hakumtoza nauli. Hapo nilimkumbuka mzee wa kahawa. Mimi nilikuwa nimezisubiri boti siku tatu kwa sababu ya safari yangu, na huyu mama alisubiri siku mbili kwa sababu ya pumzi ya mwanawe.

Tulifika Ikola alfajiri. Mama na mtoto walipata nafasi mbele katika lori la kwanza kwenda Mpanda, nami nikapanda nyuma juu ya mzigo. Tuliachana mbele ya hospitali.

Kutoka Mpanda basi lilipita katikati ya Hifadhi ya Katavi hadi Sumbawanga, na siku iliyofuata nilikuwa Kasanga, bandari ya Tanzania jirani na mpaka wa Zambia, ambako Wajerumani walipaita Bismarckburg. Safari hii sikuuliza ofisini kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa wapagazi, nikauliza bado magunia mangapi, wakanionyesha boti ndogo iliyokuwa imebakiza machache. Niligongewa muhuri uhamiaji, nikapima ubavu, nikalipa.

Tulipoupita mdomo wa Mto Kalambo, mshika usukani aliniambia kwamba maji yale ndiyo mpaka. Saa nane mchana nilikanyaga Mpulungu nikiwa na shilingi 22,000, na kabla ya kutafuta chakula niliipigia simu namba aliyoniandikia yule mama kwenye kipande cha karatasi ya sabuni. Alipokea mwenyewe. Mtoto alikuwa amekunywa uji.