Modeli yangu ya Mto Simiyu ilivyokuwa inawahisha maji

Wiki mbili nzima niliisingizia mvua. Modeli ya SWAT (programu ya kompyuta inayokadiria mvua inavyogeuka maji ya mto) niliyoiandaa kwa Mto Simiyu, unaomwaga maji Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, ilijaza mto Desemba, wakati vipimo vya kituo cha kupimia maji mtoni vinapanda hasa Aprili. Kufika Juni, mto wa kwenye kompyuta umeshakauka. Nikakagua mvua siku baada ya siku. Hola.

Mwishowe nikachora grafu ya majani ya mazao, mwezi kwa mwezi. Kumbe! Agosti pamba ya modeli ilikuwa imeshona kijani, ilhali ukipita Magu mwezi huo ni mabua makavu tu. Faili niliyoirithi ilikuwa na kalenda ya kilimo ya Marekani: kupanda Mei, kuvuna Oktoba. Mvua za vuli zikawa zinaangukia ardhi tupu, hakuna mmea wa kuyanywa maji, yote yanakimbilia mtoni.

Nikahamishia kupanda katikati ya Novemba, kuvuna Juni, nikaendesha upya. Kilele kikasogea Aprili. Maji ya Desemba bado yanazidi vipimo kidogo. Nashuku majaruba ya mpunga, yanayozuia maji shambani, ambayo sijayaingiza.