720,720: namba inayogawika kirahisi

Gawanya 720,720 kwa namba yoyote kuanzia 1 hadi 16: hakuna baki. Ndiyo ndogo kuliko zote zenye sifa hiyo.

Wengi hukosea kwa kuzidisha 1 × 2 × 3 hadi 16, wakaishia na 20,922,789,888,000. Namba hiyo inagawika, sawa, lakini ni kubwa kupita kiasi kwa sababu 2, kwa mfano, imerudiwa bure ndani ya 4, 6, 8, 10, 12 na 14. Chukua kipeo kikubwa tu cha kila namba tasa: 16 inatoa 2⁴, 9 inatoa 3², kisha 5, 7, 11 na 13. Zidisha: 16 × 9 × 5 × 7 × 11 × 13.

Vigawo vyake ni vingapi? Ongeza 1 kwa kila kipeo (4, 2, 1, 1, 1, 1), uzidishe: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Anayesahau hiyo 1 hupata 8, jibu lisilowezekana kabisa, kwani 1 hadi 16 pekee tayari ni vigawo 16.

Mbona 720 inajirudia? Kwa kuwa 16 × 9 × 5 ni 720, na 7 × 11 × 13 ni 1,001: 720 × 1,001 = 720,720. Uzuri ulioje!

Mayai 720,720 sokoni Kibuye, Kisumu, yangejaza trei 24,024 za mayai 30 kamili. Ila 17 inakwama: hubaki 5.