Mwamba umekaza: fremu ya pili ya nyumba ya mvinje

Jana saa kumi jioni nilipiga kijiti cha mwisho, nikaning'inia kwa mikono miwili kwenye mwamba, ule mti unaolala juu ya nguzo, na nguzo haikulia. Wiki tano nimekuwa nikisikia mti ukicheza ndani ya tundu lake kila nikiugusa. Jana, kimya. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la randa, nikautazama mpaka roho yangu ikatulia.

Miti yote ni mvinje wa shamba la jirani hapa Kilifi. Najua boriti za mkoko ni bora, na mchwa hawazisumbui sana. Lakini mkoko unavunwa kwa kibali na ndivyo inavyopaswa, ilhali mvinje unapandwa, unakatwa, unapandwa tena. Kasoro yake ni kwamba ukikauka hupasuka kwa urefu, na msumari wa inchi 5 unaukuza ufa. Kwa hiyo situmii msumari wa chuma hata mmoja. Kichwa cha nguzo nakichonga ulimi, yaani kipande chembamba kinachochomoza, mwamba nautoboa tundu la kuupokea, kisha kijiti kinapita kati kwa ubavu kuvifunga.

Kijiti hicho ndicho kilichonitesa. Tundu lake kwenye ulimi halitakiwi kulingana sawasawa na la mwamba. Linasogezwa kidogo kuelekea mabega ya nguzo, pale ulimi unapoanzia, ili kijiti kikiingia kijipinde na kuuvuta mwamba ukalie mabega barabara. Kidogo kiasi gani? Mara ya kwanza nilisogeza milimita 5. Kijiti kilifika nusu, nikasikia mlio kama kuni inayovunjwa kwa goti. Kuchomoa, kipande chote cha ulimi kilicho mbele ya tundu kimeng'oka. Nguzo iliyonyooka vile niliitafuta miezi miwili! Mara ya pili nilisogeza milimita 1. Kilikaa vizuri siku kumi, kaskazi ikavuma, na kijiti kikawa kinazunguka kwa vidole viwili.

Nilikibeba mpaka ufuoni kwa mzee mmoja fundi wa mashua. Hakuuliza vipimo. Alikiuma.

"Mwanangu, hiki kina maji kuliko nguzo yako."

Kweli kabisa. Nilikuwa nimekichonga kutoka mvinje ule ule mbichi, kwa hiyo kilisinyaa kabla ya mwamba. Inatakiwa kinyume: mti mbichi, kijiti kikavu, ili mti ukisinyaa ukibane. Shangazi alibomoa banda la zamani mwaka jana, na pau zake za mkoko zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikingoja kuwa kuni. Nimezipasua kwa shoka, si kwa msumeno, maana msumeno unakata nyuzi na kijiti kikijipinda kinavunjikia hapo hapo. Nimevichonga milimita 18, nikaviacha juu ya jiko wiki mbili, vikatoka vyeusi na vinalia kama kengele ukivigonganisha. Ulimi nimeurefusha ufike sentimita 11, na tundu nimelisogeza milimita 2 na nusu. Fremu ya pili imeshika kwa vipimo hivyo.

Neno kuhusu patasi. Ile mpya ya dukani ilijikunja makali kwenye fundo la kwanza, nikaitupa sandukuni. Ninayotumia alinifulia mhunzi kutoka jani la springi ya lori. Ni nzito, haina sura, na inanyoa nywele za mkono. Drili ya umeme nayo huteleza kwenye mti wa mviringo usipoupa kwanza uso bapa kwa tezo.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kufunga makombamoyo, miti ya paa inayobeba makuti, kwa kamba ya nazi na kuanza kuezeka. Makuti tayari yapo chini ya mwembe. Nimeahirisha. Usiku nimewaza: kama ulimi wa juu unashika hivi, kwa nini mguu wa nguzo niuzike ardhini uliwe na mchwa? Nikiukalisha juu ya jiwe la matumbawe lenye kishimo, na ulimi mfupi ukaingia humo, udongo hautaugusa mti kabisa, na nguzo ikichakaa naitoa peke yake. Chumba ni mita 2.7 tu kwa upana, kama vile vya nyumba za zamani za Lamu vilivyofuata urefu wa boriti, kwa hiyo mzigo si mkubwa.

Mawe mawili nimeshayapata. Kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali, nachimba kishimo cha kwanza.